Mlinganyo unakubali nishati yoyote, mpaka ndio unaokataa

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa fizikia mwaka wa pili, niko likizo nyumbani Kiboriloni, Moshi. Tumefundishwa mlinganyo wa mawimbi wa Schrödinger kwa elektroni iliyofungiwa kwenye boksi lenye upana wa nanometa 1. Majibu ya nishati niliyonayo kwenye daftari ni 0.376 eV (elektroni-volti), 1.50 eV, 3.38 eV na kuendelea. Kwa makusudi nikajaribu 0.5 eV. Mlinganyo ukatimia vizuri tu, kushoto na kulia pakalingana. Sasa nani anaikataza 0.5? Na kuta zikiwa na kimo cha kawaida badala ya kimo kisicho na kikomo, mbona fomula inapotea? Je, elektroni yenye 0.5 eV haiwezi kuwepo kabisa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Umefanya jambo ambalo wengi wetu hatukulifanya mpaka tulipoanza kufundisha wenzetu: umeingiza jibu lisiloruhusiwa ili uone ni kitu gani kitavunjika. Na umeona sawasawa. Ndani ya mlinganyo hakuna kilichovunjika, wala hakitavunjika ukiweka 0.5, 0.7 au 2.9. Mlinganyo wenyewe hauchagui nishati. Kinachochagua kiko mahali pengine, na ukikiona hapo, sura nzima ya kisima (boksi kama lako, liwe na kuta za kimo chochote) na sura nzima ya atomu ya haidrojeni zitakuwa hadithi moja kwako.

Tuuandike kwanza kwa namna inayosomeka:

ψ'' = −(2m/ħ²)(E − V)ψ

Hapa ψ ni wimbi la elektroni, m ni tungamo ya elektroni, ħ ni namba ya Planck iliyogawanywa kwa 2π, E ni nishati yote, na V ni nishati inayotokana na mahali elektroni ilipo. ψ'' ni mpindo: jinsi mchoro wa ψ unavyokunja kona. Nakuomba usiusome mlinganyo huu kama fomula ya kukariri. Usome kama amri anayopewa mchoraji. Unasema: ukiwa mahali ambapo E ni kubwa kuliko V, kunja mchoro kuelekea mhimili, ukiwa mahali ambapo E ni ndogo kuliko V, kunja kuukimbia mhimili. Kadiri tofauti ya E na V ilivyo kubwa, ndivyo ukunje kwa nguvu zaidi. Basi. Kukunja kuelekea mhimili kunazaa mawimbi, maana kila mchoro ukivuka mhimili unarudishwa. Kuukimbia mhimili kunazaa mchoro unaopaa au unaozama bila breki, isipokuwa katika hali moja ya pekee ambayo tutaifikia.

Kuna namba moja itakayokuokoa na mahesabu mengi: kwa elektroni, ħ²/2m ni 0.0381 ukipima nishati kwa eV na urefu kwa nanometa. Iandike nyuma ya jalada la daftari lako. Mimi nimeitumia kuliko namba nyingine yoyote ya fizikia ya kwanta.

Sasa boksi lako. Ndani V ni sifuri, kwa hiyo mchoro ni wa saini ya kx, ambapo x ni umbali kutoka ukuta wa kushoto na k = √(E/0.0381). Anza kwenye ukuta wa kushoto. Mlinganyo wenye ψ'' unakupa uhuru wa kuchagua vitu viwili mwanzoni: kimo cha ψ na mwinamo wake. Ukuta wa kushoto unakunyang'anya cha kwanza, kwa kuwa ψ lazima iwe sifuri pale. Unabaki na mwinamo. Lakini mwinamo hapa haubadilishi umbo, unabadilisha ukubwa tu: ukiuongeza mara mbili, mchoro wote unakua mara mbili. Na ukubwa huo utauweka mwenyewe baadaye, pale utakapotaka uwezekano wote wa kuikuta elektroni mahali fulani ndani ya boksi ujumlike kuwa 1. Kwa hiyo unapoanza safari ya kwenda kulia, mfuko wako wa uhuru umekwisha. Mlinganyo unakupeleka unakotaka wenyewe.

Halafu unafika ukuta wa kulia, nao unadai: ψ iwe sifuri hapa pia. Utalipa na nini? Kitu pekee kilichobaki cha kugeuza ni E. Hapo ndipo nishati inapobanwa. Kwa E = 0.5, k ni 3.62, na saini ya 3.62 ni −0.46. Umefika ukutani ukiwa chini ya mhimili, na upande wa pili wa ukuta ψ ni sifuri. Mchoro umekatika. Kwa E = 0.376, k ni 3.14, yaani π, na umetua sifuri barabara. Kwa 1.50 unavuka mhimili mara moja katikati kisha unatua. Kwa 3.38 unavuka mara mbili.

Ukifanya mahesabu haya kwa kalkuleta, hakikisha iko kwenye radiani. Nasema hili bila mzaha. Vijana wenye akili nzuri kabisa wamenijia wakiamini hawaelewi kwanta, kumbe kalkuleta ilikuwa kwenye nyuzi za digrii.

Kama umewahi kukaa karibu na mpiga gitaa wa kwaya, umeshaliona jambo hili kwa macho. Waya umebanwa ncha mbili, ndiyo maana unatoa sauti zake maalumu na si kila sauti. Waya huohuo ukiwa umelala mezani bila kubanwa hauna noti yake. Ila mfano huu usiubebe moja kwa moja. Kwenye waya, marudio ya mtetemo hupanda kwa 1, 2, 3. Kwenye boksi, nishati hupanda kwa 1, 4, 9, kwa sababu nishati ya mwendo hufuata kipeo cha pili cha kasi, na kasi ndiyo inayofuata idadi ya nusu-mawimbi yaliyoingia ndani ya boksi.

Kwa nini tunadai mchoro usikatike? Swali hili hukuuliza, lakini najua litakujia usiku. Max Born alipendekeza mwaka 1926 kwamba kipeo cha pili cha ukubwa wa ψ ndicho uwezekano wa kuikuta elektroni mahali hapo. Ukuta usio na kikomo haupitiki kabisa, kwa hiyo uwezekano ndani yake ni sifuri. Mchoro ukiruka ghafla kutoka −0.46 hadi sifuri, mwinamo wake mahali pale hauna kikomo, na nishati ya mwendo inayohitajika nayo haina kikomo. Elektroni ya 0.5 eV haiwezi kulipa gharama hiyo.

Sasa kuta zenye kimo cha kawaida. Mimi nimezaliwa Uchagani, na huko kihamba, yaani shamba la ukoo, hakitenganishwi na cha jirani kwa ukuta. Hutenganishwa kwa mimea ya masale. Mgomba uliopandwa kando ya masale hupeleka mizizi yake kwa jirani. Hatua ya kwanza ni mingi, ya pili michache, mbele zaidi huikuti. Ndivyo ψ inavyofanya kwenye ukuta wenye kimo, yaani V, cha, tuseme, 10 eV. Nje ya kisima E ni ndogo kuliko V, kwa hiyo mchoro unapaswa kuukimbia mhimili. Kuna namna mbili za kutii amri hiyo: kupaa bila mwisho, au kushuka taratibu kuelekea mhimili bila kuufikia, huku ukilegea kila hatua. Ya kwanza hatuikubali, kwa kuwa ingemaanisha elektroni iko mbali zaidi kuliko ilivyo kisimani. Ya pili ndiyo mizizi ya mgomba.

Mpakani, ndani na nje lazima vikubaliane vitu viwili: kimo kiwe kimoja na mwinamo uwe mmoja. Mwinamo ukikatika, mpindo pale hauna kikomo, lakini upande wa kulia wa mlinganyo una kikomo, na viwili hivyo haviwezi kulingana. (Kwenye boksi lenye kuta zisizo na kikomo sharti hili la mwinamo limesamehewa, kwa sababu V yenyewe haina kikomo.)

Weka sifuri katikati ya kisima, na nusu ya upana, yaani nanometa 0.5, iite a. Kwa hali ya chini kabisa, yaani yenye nishati ndogo kuliko zote, ndani ni kosaini ya kx, nje ni mchoro unaoshuka kwa e kipeo −κx, ambapo κ = √((V − E)/0.0381). Gawanya mwinamo kwa kimo pande zote mbili za mpaka na uvilinganishe, utapata k tan(ka) = κ. Ukiita ka kuwa z, inakuwa:

z tan z = √(65.6 − z²)

Hiyo 65.6 imetoka kwenye 10 × 0.25 ÷ 0.0381. Tazama z ilivyokaa: moja imefungiwa ndani ya tanjenti, nyingine iko nje. Huwezi kuitoa peke yake upande mmoja kwa aljebra unayoijua. Ndipo fomula ilipopotelea. Jibu lipo, ni sahihi kwa desimali nyingi upendavyo, ila linatafutwa kwa kujaribu. Jaribu z = 1.39: kushoto 7.60, kulia 7.98, bado. Jaribu 1.40: kushoto 8.12, kulia 7.98, umepitiliza. Jibu liko hapo katikati, karibu 1.397, na nishati yake ni 0.0381 × z² ÷ 0.25, yaani 0.298 eV.

Imeshuka kutoka 0.376. Kwa nini? Napenda sana sehemu hii. Nje ya kisima ψ hupungua ndani ya umbali wa takriban 1/κ, ambao hapa ni nanometa 0.063. Ongeza umbali huo kushoto na kulia, kana kwamba boksi lilikuwa na upana wa 1.126 badala ya 1, kisha tumia ile fomula rahisi ya boksi: 0.376 ÷ 1.126² ni 0.297. Karibu jibu lilelile, bila tanjenti hata moja. Wimbi limepata nafasi kidogo kwa jirani, limejinyoosha, limetulia. Na hali zilizofungwa kwenye kisima hiki ni 6 tu. Ya saba ingehitaji nishati inayozidi kimo cha ukuta.

Hadi hapa tumekuwa na bahati, maana V ilikuwa tambarare. V ikiwa na umbo lolote lile, tunafanya nini? Tunarudi kwenye amri ya mchoraji na kuitii hatua kwa hatua. Hii unaweza kuifanya leo jioni kwenye Excel. Mimi niliifanya mara ya kwanza kwa karatasi ya grafu na kalkuleta ndogo, na siku ile ndiyo niliyoacha kuuogopa mlinganyo huu.

Chukua chembe iliyofungwa kwa springi. Ukichagua vipimo vinavyofaa, mlinganyo wake ni ψ'' = (x² − ε)ψ, ambapo ε ni 2E/ħω, na ω ni kasi ya mtetemo wa springi kwa radiani. Kwenye safu A andika x kuanzia 0 hadi 4 kwa hatua za 0.1, sifuri ikiwa kwenye A1. Kwenye D1 weka ε unayoijaribu. Kwenye B1 weka 1. Kwenye B2 weka =1-0.005*D1. Kwenye B3 weka =2*B2-B1+0.01*(A2^2-$D$1)*B2, kisha iburute hadi chini. Chora B dhidi ya A.

Weka 0.9. Mchoro unashuka vizuri, unaonekana kama unataka kutulia, halafu karibu na x = 2 unageuka na kupaa; ukifika x = 3 umeshavuka 1. Weka 1.1. Unashuka, unavuka mhimili, unazama; kwenye x = 3 umepita chini ya −1. Mmoja umeangukia juu, mwingine umeangukia chini. Basi kati ya 0.9 na 1.1 kuna namba moja ambayo haiangukii kokote. Umewahi kumwona mtoto akisimamisha ufito kwenye ncha ya kidole? Kuegemea kushoto kuna njia nyingi, kulia vilevile, kusimama wima ni moja. Hiyo ndiyo hali ya pekee niliyokuahidi mwanzoni, na kila nishati iliyoandikwa kwenye daftari lako ni ufito uliosimama wima.

Namba yenyewe hapa ni 1, na mchoro wake ni e kipeo −x²/2. Lakini usishtuke ukiandika 1 kamili na mchoro ukaanza kuzama mara tu baada ya x = 3. Hatua zako za 0.1 si mpindo halisi, ni makadirio, na kosa dogo sana hukuzwa haraka pale ambapo E ni ndogo kuliko V. Punguza hatua ziwe 0.01 (ile 0.005 iwe 0.00005, na ile 0.01 iwe 0.0001) na mchoro utasimama mpaka karibu 3.7. Ukitaka hali inayofuata, anza na ψ = 0 kwenye B1 na 0.1 kwenye B2, utafute karibu na ε = 3. Kisha rudi kwenye mwanzo wa kwanza, utafute karibu na 5.

Nimesema haya kwa urefu kwa sababu namna hii ya kutafuta haikuishia kwenye mazoezi ya darasani. Erwin Schrödinger alikwenda Arosa, Uswisi, wakati wa Krismasi ya mwaka 1925, na mwaka 1926 akachapisha makala nne mfululizo zilizoutoa mlinganyo huu. Katika utangulizi wa ile ya kwanza alieleza kwamba namba nzima za kwanta zinajitokeza zenyewe, kama idadi ya mafundo kwenye uzi unaotetema. Ni gitaa letu lilelile. Na alipofika kwenye mlinganyo wa haidrojeni unaohusu umbali kutoka kwenye protoni, alisaidiwa na mwanahisabati Hermann Weyl, akamshukuru ndani ya makala. Kwa hiyo ukikwama kwenye hisabati, muulize mwenzako wa idara ya hisabati bila kuona haya.

Haidrojeni inatoa ushahidi mkubwa kuliko wote kwamba mpaka ndio mchaguzi. Pale hakuna kuta. Kuna masharti mawili tu: ψ isilipuke karibu na protoni, na isilipuke mbali sana. Kwa E iliyo chini ya sifuri, mbali na protoni E ni ndogo kuliko V, mchoro unataka kuukimbia mhimili, na ni nishati maalumu tu zinazousimamisha wima: −13.6 eV gawanya kwa n², n ikiwa 1, 2, 3 na kuendelea. Tofauti kati ya n = 3 na n = 2 ni 1.89 eV, nayo ndiyo ule mwanga mwekundu wa haidrojeni wa nanometa 656. Lakini weka E iliyo juu ya sifuri, elektroni iliyokwisha kung'oka kwenye atomu. Sasa huko mbali E ni kubwa kuliko V, mchoro unapinda kuelekea mhimili milele, hauna mahali pa kulipukia. Sharti la mbali halidai kitu tena. Na kweli, kila nishati chanya inaruhusiwa, pamoja na 0.5 yako. Mlinganyo ni uleule, atomu ni ileile.

Nimalizie na swali lako la tatu, kama elektroni yenye 0.5 eV haiwezi kuwepo ndani ya boksi. Wimbi lile ulilolichora, saini ya 3.62x, haliwezi. Lakini unaweza kuchanganya wimbi la 0.376 na wimbi la 1.50, kila moja likiwa limetua sawasawa kwenye kuta zote mbili. Mchanganyiko nao utatua sawasawa, maana sifuri ukiijumlisha na sifuri ni sifuri. Ukiuchanganya kwa uzani ambao elektroni 11 kati ya 100 zikipimwa zitatoa 1.50 na 89 zitatoa 0.376, wastani unakuwa 0.5 eV. Hakuna hata elektroni moja itakayokuonyesha 0.5 kwenye kipimo, ila wastani ni huo. Na mchanganyiko huu una tabia ambayo hali zile safi hazina: hali safi imetulia, uwezekano wake haubadiliki na wakati, ilhali huu unayumba. Uwezekano wa kuikuta elektroni unajazana upande wa kushoto wa boksi, unahamia kulia, unarudi. Tofauti ya nishati hizo mbili, 1.128 eV, ukiigawanya kwa namba ya Planck, inakupa mayumbo yapatayo trilioni 273 kwa kila sekunde.